Tusajigwe Aligeukia Dirisha

Jumanne, tarehe 16 Machi 2004. Mvua ilianza kunyesha Kyela kabla ya adhana ya alfajiri, ikapungua saa mbili asubuhi, kisha ikarudi kwa hasira. Ukungu ulikuwa umeifunika milima ya Livingstone yote, hata ungedhani Mungu ameiondoa usiku watu wakiwa wamelala.

Ndani ya maktaba ya wilaya watu walibanana kama siku ya mnada. Huyu ameshika albamu, yule bahasha ya kaki, mwingine ameng'oa picha ukutani kwake na msumari bado unaning'inia. Tangu Januari wafadhili walikuwa wameleta kompyuta, skana na deki ya video, na tangazo lilisomwa makanisani na msikitini: leteni picha zenu na kanda zenu za nyumbani, zitaingizwa kwenye kompyuta, mtapewa sidii bure, na nakala itabaki maktaba ili wajukuu waone Kyela ilivyokuwa. Watu waliitikia kwa moyo. Kilichowaudhi ni umeme.

Kijana mmoja mrefu aliusukuma mlango kwa bega. Shati lake jeupe lilikuwa na madoa ya kakao, mabuti ya mpira yalimfika magotini, na kifuani alikumbatia bati la biskuti lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mara tu alipokanyaga ndani, taa zikazimika. Watu wakaguna wote pamoja.

"Ni wewe!" alisema msichana aliyekaa mbele ya kompyuta iliyokufa.

"Mimi nimefanya nini?"

"Ijumaa uliingia, umeme ukakatika. Jana uliingia, ukakatika. Leo tena. Kaka, una nini mwilini?"

Watu walicheka. Kijana naye alitaka kukasirika, maana alikuwa amepanda baiskeli ya abiria kwenye mvua kwa mara ya tatu, lakini alimtazama yule msichana na hasira ikamtoroka. Msichana alivaa blauzi ya kijani iliyopigwa pasi ikanyooka, sketi ya kitenge, na nywele zake zilisukwa mistari iliyokwenda nyuma mpaka shingoni.

"Basi nitasimama nje," alisema. "Umeme ukirudi mniite, niingie kinyumenyume usinione."

"Ukae hapa hapa. Ukitoka utakatika mji mzima. Jina?"

"Ambokile. Na wewe?"

"Mimi naandika, siulizwi." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Tusajigwe."

Ambokile alifungua bati. Picha zilikuwa zimegandana kwa unyevu, bonge zima kama mkate. Alianza kuibandua ya juu kwa kucha.

"Weka mkono chini!" Tusajigwe alimpiga kofi kidogo kwenye vidole. "Ukivuta hivyo sura zote zinabaki upande wa pili."

Alichukua beseni la maji safi, akalitumbukiza bonge lote.

"Wewe! Unaloweka picha za marehemu mama yangu kama maharage?"

"Subiri."

"Dada Asia!" Ambokile alimgeukia mkubwa wa maktaba, mama mnene wa Kiislamu aliyevaa baibui na kutafuna karafuu. "Dada, mwone huyu!"

"Mwache," alisema Asia. "Picha za harusi yangu zililowa beseni hilo hilo. Zimetoka, na mume wangu kapendeza kuliko alivyokuwa."

Baada ya muda picha zilianza kuachana zenyewe, moja moja, na Tusajigwe akazining'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Ambokile alisimama chini ya kamba ile akiwatazama watu wake wakichuruzika maji, mpaka umeme uliporudi.

Kwa wiki kadhaa alikuja kila alipopata nafasi. Alikuwa karani wa kampuni ya kununua kakao. Tangu soko liachiwe huru makampuni yaligombania kakao kijiji kwa kijiji, na bosi wake hakujua kwamba kila safari ya Ndandalo ilipitia maktaba. Kazi ilikwenda kwa kukwamakwama. Skana ilikuwa ikianza picha, inafika kidevuni, umeme unakatika. Ukirudi, kompyuta inauliza maswali ambayo hakuna aliyeyajua majibu. Tusajigwe alikuwa akifumba macho na kusema taratibu, "Baba, nipe uvumilivu," kisha anaanza upya.

"Unamwambia nani?" Ambokile aliuliza siku moja.

"Mungu."

"Mwambie na habari za shirika la umeme."

"Nimemwambia. Kasema hata yeye anawangoja."

Katika zile picha Ambokile alimwonyesha mama yake, Felista, Mkisi wa Ikombe kando ya ziwa, mfinyanzi, na baba yake, Mzee Zebedayo wa Ndandalo, aliyefanya kazi kwenye meli za bandari ya Itungi. Yeye mwenyewe alipelekwa Tanga kwa mjomba wake angali mdogo, akakulia huko. Mama alipofariki telegramu ilimfikia mwanawe wakati mama amekwisha kuzikwa. Watoto wa baba zake wadogo walikuwa wakimwita "mtoto wa vyungu", na ijapokuwa sasa walikuwa watu wazima, jina lile lilikuwa bado linamchoma.

Siku moja alitoa kutoka kwenye mfuko wa plastiki kanda moja ya video.

"Mchungaji mgeni alipita soko la vyungu kule Matema akiwa na kamera," alieleza. "Akampiga mama picha akiuza. Baadaye akaituma kwa posta. Nyumbani hatukuwa na deki, halafu mama akafa, na baba hakutaka kuiona. Sasa ndiye anayeitaka. Anasema ameanza kuisahau sauti ya mama. Anaamka asubuhi anaitafuta, haipati."

Tusajigwe aliinua kifuniko cha kanda. Utepe ulikuwa umeota kuvu jeupe.

Walivuka barabara mpaka kwa Shabani, fundi redio, aliyefungua kanda kwa bisibisi ndogo na kufuta utepe kwa pamba na spiriti kwa siku mbili nzima.

"Itapita mara moja," Shabani alisema. "Ya pili simwahidi mtu. Mtakapoicheza, mtu asimame nayo. Ukisikia inalia, zima hapo hapo."

"Nitasimama nayo mimi," alisema Tusajigwe.

Ambokile alimtazama alivyoikumbatia ile kanda, na akajua kwamba amekwisha kumpenda.

Jioni ya Jumatano simu ya Tusajigwe iliita mara moja ikakata. Naye akapiga mara moja akakata. Wakabipiana hivyo mpaka Ambokile akashindwa, akapiga kweli.

"Mwanamume mzima, mnunua kakao, unabipu?" Tusajigwe alimcheka.

"Kakao ni ya kampuni, vocha ni yangu. Umekula nini, mpenzi?"

"Nani mpenzi wako?"

"Niliyempigia. Au nimekosea namba?"

"Hujakosea," alisema, na uso ukamwaka moto peke yake jikoni kwa bibi yake. "Kesho unakuja saa ngapi?"

"Ndiyo sababu nimepiga. Lori limekwama, kakao inalowa, bosi anapiga kelele mpaka sikio linauma. Anza bila mimi."

"Nitakungoja."

"Usingoje, Tusa. Kuvu litarudi, na kesho tumeahidiwa umeme kutwa. Mtazame mama kwa niaba yangu. Halafu mwishoni baba naye anatokea. Ukimwona, kaa vizuri, funika magoti!" Alicheka. "Huyo ni baba mkwe wako. Haya, mkweo anakusali..."

Vocha ikaisha.

Kwa mtu aliyekulia Tanga ule ulikuwa utani wa kuagana. Ambokile alipanda kitandani akalala. Lakini Tusajigwe alilelewa na Bibi Anyosisye, na kwa bibi yule mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hatamki jina lake, hapiti njia moja naye. Akisikia kikohozi chake anaondoka njiani na kumpa mgongo mpaka apite. Vijana wengi wa kanisani walikuwa wamelegeza, na mchungaji alikwisha kusema kupeana mikono si dhambi. Bibi alimsikiliza mchungaji kwa adabu na hakubadilisha kitu. Tangu Tusajigwe akiwa mtoto alimfundisha: siku mtu akikuambia huyu ndiye mkweo, heshima inaanzia hapo.

Alipiga magoti kando ya kitanda akamshukuru Mungu. Kisha akamwomba amjulishe: yule kijana alisema kweli, au alitania? Alingoja. Hakujibiwa, akalala hivyo hivyo.

Siku ya pili umeme ulikuwepo. Tusajigwe aliunganisha waya za deki na kompyuta, akasali, akabonyeza. Chembe nyeupe zilijaa kwenye kioo, kisha zikatawanyika, na ufukwe ukatokea. Vyungu vilikuwa vimepangwa mchangani, vikubwa kwa vidogo. Katikati alisimama mwanamke mwembamba aliyejifunga khanga iliyochanika upindo, mikono yake ina udongo mpaka kwenye viwiko.

"Usikigonge hivyo!" alimfokea mnunuzi. "Ukitaka kujua kama kizima, kigonge kwa upendo. Hivi! Umesikia? Kinaimba. Mkeo nyumbani anakuimbia hivyo?"

Soko lote kwenye kanda lilicheka, na Tusajigwe akacheka nalo, huku machozi yakimtoka. Alimpenda mama yule kana kwamba amekunywa maji ya chungu chake. Alitamani Ambokile awepo asikie.

Kisha kamera ikageuka. Mwanamume mwenye kofia ya baharia alikuwa akija kutoka mitumbwini, anatabasamu, anatazama moja kwa moja kwenye kioo. Katika picha za bati alikwisha kumwona mara nyingi, lakini wakati ule alikuwa mzee wa watu tu.

Tusajigwe hakuamua. Mwili wake uliamua. Alisimama, akavuta khanga iliyokuwa mabegani akafunika kichwa, akaugeukia ukuta wa dirisha na kuipa mashine mgongo. Alisikia ile sauti nzito ikisema, "Mama Ambokile, leo umenipikia nini?" Halafu ukaja mlio mwembamba. Alidhani ni ndege wa ziwani kwenye kanda. Alitazama mvua ikishuka juu ya mabati ya soko, akingoja yule mzee apite.

"Tusa!" Asia alipiga kelele kutoka mlangoni. "Tusa, kanda!"

Utepe ulikuwa umetoka mdomoni mwa deki, umekunjamana kama utumbo wa kuku. Kompyuta nayo iliganda. Walipoizima na kuiwasha, haikuwa imehifadhi kitu hata kidogo. Hakuna picha, hakuna sauti.

Ambokile alifika alasiri, tope mpaka kiunoni, akicheka kutoka nje.

"Haya, nimekuja kumwona mama!"

Aliiona kanda juu ya meza.

"Imekuwaje?"

"Deki imeitafuna," Tusajigwe alisema.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Hapa hapa wapi? Si ulisema utasimama nayo?"

"Nilimkuta dirishani," Asia alisema kwa upole, akidhani anasaidia. "Alikuwa amefunika kichwa. Nadhani alijisikia vibaya."

"Ulikuwa unaumwa?"

Tusajigwe hakuweza kusema uongo. "Hapana."

"Basi kwa nini? Mashine inatafuna kanda ya mama yangu nyuma ya mgongo wako, wewe unatazama mvua?"

"Sikuweza kutazama."

"Kutazama nini?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini ili aliseme, ilimpasa aseme: nilimwona baba mkwe wangu. Na kama Ambokile angejibu, ah, mimi nilikuwa natania, uso wake angeuweka wapi, mbele ya Asia na mbele ya wasomaji wote waliokuwa wameinua vichwa?

"Nimeelewa," Ambokile alisema, na sauti yake ilibadilika. "Ulimwona mama yangu. Khanga imechanika, mikono ina udongo, anagombana na watu kwa chungu. Mtoto wa vyungu ni mzuri kwenye simu, siyo? Ukiona alikotoka, unageuza uso."

"Ambokile, si hivyo!"

"Ni vipi, basi? Nieleze. Nimesimama hapa, nieleze."

"Nisamehe."

"Sikukuomba uniombe radhi. Nimekuomba unieleze."

Alisubiri. Mvua ilipiga paa. Tusajigwe alitazama sakafu, na Ambokile akachukua bati lake la picha akatoka, akiiacha kanda pale mezani kama maiti isiyo na ndugu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Tusajigwe alipiga simu, haikupokelewa. Alibipu, kimya. Kazini skana iligoma, mzee mmoja alimtukana kwa sababu picha yake ilitoka kichwa chini, na umeme ulikatika kila alipoinua mkono. Kila mchana alikwenda kwa Shabani. Walinyoosha utepe kwa vidole juu ya kioo, wakakata kwa wembe sehemu iliyoharibika kabisa, wakaunganisha kwa gundi ya karatasi nyembamba, wakauhamishia kwenye kasha jipya. Uliunganika, ukakatika, wakaunganisha tena.

"Mwambie ukweli," Asia alimgombeza baada ya kumbana mpaka akasimulia yote. "Mdomo unao, simu unayo."

"Nimwambie nimejifanya mke wa mtu aliyekuwa akitania?"

"Kwani alitania?"

"Sijui, dada. Ndilo ninalomuuliza Mungu kila siku."

"Mungu hakupiga ile simu, shoga. Muulize aliyepiga."

Lakini hakuweza. Na Ambokile kwa upande wake alikuwa akizisikia zile simu zikiita mfukoni, anatamani kupokea, anakumbuka mgongo uliogeuzwa, anaziacha. Usiku mmoja baba yake alimuuliza habari ya kanda. Alisema bado inashughulikiwa. Mzee alitikisa kichwa, na hilo lilimuuma mwanawe kuliko matusi.

Jumamosi moja mwezi wa Mei Ambokile alimleta baba yake mjini kununua viatu vya kanisani. Walitembea kando ya barabara ya sokoni, mzee na fimbo yake, kijana na mwavuli. Mbele yao, akitokea kwa Shabani, alikuwa anakuja msichana aliyevaa gauni la manjano na viatu vyeupe vipya. Ambokile alimtambua kwa mbali. Alikaza uso, akijiandaa kupita bila salamu.

Tusajigwe aliinua macho. Hakumtazama Ambokile. Alimwona aliye kando yake, na mzee alikohoa.

Akaruka. Aliacha barabara, akaruka mtaro, akatua na viatu vyake vyeupe ndani ya jaruba la mpunga, maji mpaka magotini. Akachuchumaa huko, akafunika kichwa, akawapa mgongo.

Mwendesha baiskeli nusura aanguke kwa kumshangaa. Mzee Zebedayo alisimama. Aligeuza uso wake upande wa pili wa barabara, kwa heshima, kama mtu anayejua zamu yake.

"Gwe Ambokile," alisema taratibu. "Yule binti ni mkamwana wa nani?"

"Sijui, baba. Hajaolewa. Ni yule wa maktaba."

"Hajaolewa? Mbona amenikimbia hivyo? Hata mke wa kaka yako hanikimbii hivi siku hizi, ananisalimu kwa mkono kama karani wa posta. Yule amelelewa na mtu wa zamani. Mtoto wa namna hiyo hamwogopi mzee yeyote tu. Anamwogopa mkwe wake."

"Lakini baba, mimi sija..." Ambokile alikwama.

"Huna habari? Yeye anayo."

Simu ile ya Jumatano ilimrudia neno kwa neno. Funika magoti. Huyo ni baba mkwe wako. Halafu khanga kichwani, dirisha, mgongo. Tusajigwe hakumgeuzia mama uso hata kidogo. Ambokile alimpa baba yake mwavuli, akaruka mtaro na viatu vyake.

"Tusa."

"Ondoka. Unakanyaga mpunga wa watu."

"Ulimgeukia baba. Siku ile. Ni baba uliyemwona."

Tusajigwe aliinama zaidi.

"Kwa nini hukusema? Mimi nilikuwa nata..."

"Unatania!" Tusajigwe aligeuka, uso umelowa machozi na mvua. "Malizia. Nilijua ulikuwa unatania. Ndiyo sababu sikusema! Wewe ulitaja neno hilo ukalala usingizi. Mimi nililibeba mpaka asubuhi. Nimeharibu kanda ya mama yako kwa ajili ya utani wako, na nikaitwa mwenye dharau. Nilimpenda, Ambokile! Nilimsikia akiongea nikampenda, na hukutaka kujua!"

Ambokile alichuchumaa naye ndani ya maji.

"Sikuwa natania," alisema hatimaye. "Niliogopa kulisema vizuri. Nikalitia kicheko, ili ukikataa niseme ni kicheko tu. Nilikuwa mwoga. Kisha nikakuhukumu bila kukusikiliza. Nisamehe, mpenzi."

"Nani mpenzi wako?"

"Wewe. Safari hii namba sijakosea."

Tusajigwe alijaribu kutocheka. Hakuweza kabisa.

"Ninyi huko!" Mzee aliita kutoka barabarani, bado ametazama upande wa pili. "Shingo yangu imeanza kukauka. Nimwache apite, au nigeuke jiwe?"

Jumamosi iliyofuata, baada ya Shabani kusema amefanya yote ambayo mwanadamu anaweza, walikutana maktaba. Tusajigwe hakuweza kukaa chumba kimoja na mzee, na mzee alitaka yeye na si mwingine aendeshe mashine. Asia alitafuta khanga kubwa, akaifunga kutoka kabati moja la vitabu mpaka la pili. Upande huu mzee alikaa mbele ya kioo, na Ambokile kando yake. Upande wa pili Tusajigwe alishika deki kwa mikono yote miwili, akiisikiliza, tayari kuizima. Asia alisimama katikati, akieleza huku na huku kama mtangazaji wa mpira. Wasomaji waliacha magazeti yao.

"Ufukwe unaonekana," Asia alitangaza. "Vyungu. Ee Mola. Huyo hapo."

"Usikigonge hivyo!" ilisema sauti.

Mzee Zebedayo alishika fimbo kwa nguvu. Midomo yake ilitembea, ikiifuata sauti ile kwa nyuma kidogo, kama mtu anayejifunza kusoma. Ilipofika penye kuimba kwa chungu alicheka, akafuta macho kwa kofia. Kompyuta ilikuwa ikihifadhi kila kitu. Ambokile aliomba kimoyomoyo umeme usikatike, na safari hii haukukatika.

Kisha kamera iligeuka, mwanamume wa kofia ya baharia akaja kutoka mitumbwini. "Mama Ambokile, leo umenipikia nini?"

Mama akageuka kumwangalia, akafungua kinywa. Kioo kikawa cheupe. Utepe uliokatwa kwa wembe ulikuwa hapo. Chembe zilipotawanyika tena, vyungu vilikuwa vinapakiwa na soko limekwisha.

Nyuma ya khanga Tusajigwe alisikika akilia kwa sauti ndogo.

"Alikujibu nini, baba?" Ambokile aliuliza.

Walimwona mzee akitafuta.

"Sikumbuki," alisema. "Ningependa kusema nakumbuka, lakini tuko mbele za Mungu. Sikumbuki." Alivuta pumzi. "Sauti yake nimeipata. Nilikuja kutafuta sauti. Hilo jibu limekwenda, na linaniuma, sitalificha. Mwambieni binti aliye nyuma ya nguo kwamba simwekei kinyongo. Alinipa heshima ya mkwe. Mwenye deni la maelezo ni huyu hapa, aliyempa mkwe bila kumpa mume."

Watu wakamgeukia Ambokile. Alisimama. Jasho lilimtoka kuliko siku za kubeba magunia.

"Nitatuma mshenga," alianza kwa sauti ya chini.

"Hatusikii huku," Asia alisema. "Tusa, umesikia?"

Nyuma ya khanga Tusajigwe akamwambia Asia, kwa sauti ndogo lakini kila mtu aliisikia: "Dada, mwambie asicheke. Na aseme mpaka Shabani ng'ambo ya barabara amsikie."

Ambokile alivua kofia. Hakucheka.

"Mimi Ambokile, mwana wa Zebedayo na Felista mfinyanzi wa Ikombe, nasema mbele ya Mungu, mbele ya baba yangu, mbele yako dada Asia na ninyi nyote mlioacha magazeti: kesho Jumapili mshenga wangu atabisha hodi kwa Bibi Anyosisye, mpunga ukishavunwa nitamwoa Tusajigwe kanisani, na neno lolote la moyo wangu juu yake nitamwambia mwenyewe, waziwazi, na nikilisema nitangoja hapo hapo mpaka anijibu!"